Sifuri na Ushuhuda: Maadili ya Kupima Mafua Makali Katika Mwambao wa Ufipa

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili imeyaacha kwa muda mrefu mikononi mwa watakwimu limo hili: mtu anayeandika katika kitabu cha serikali kwamba ugonjwa fulani haukuonekana amesema nini hasa, na kwa neno hilo anawajibika kwa nani? Swali huonekana dogo mpaka lipelekwe mahali kama Wampembe, kata ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya mteremko unaoitenga na uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mwenye homa na kikohozi huhudumiwa na tabibu asiye na maabara ya virusi, na ambako taarifa ya magonjwa hutakiwa kupelekwa makao makuu ya wilaya, Namanyere, licha ya upungufu huo. Makala hii inashikilia kwamba taarifa hiyo ni ushuhuda kwa maana kamili, kwamba inatawaliwa na amri ileile inayomkataza muumini kumshuhudia jirani yake uongo, na kwamba mgonjwa aliyetoa ute wa pua yake ili ushuhuda huo upatikane ana dai juu ya wote wanaoutumia.

Influenza, yaani mafua makali, ni ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na virusi, hasa vya aina A na B, nao hutofautiana na mafua ya kawaida kwa ukali wa homa, kwa maumivu ya viungo na misuli, na zaidi kwa uwezo wa virusi hivyo kubadilika mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba kinga iliyopatikana msimu uliopita huenda isimfae mtu msimu ujao. Kwa sababu ya kubadilika huko ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha, mwaka 1952, mtandao wa kufuatilia influenza, ambao hupokea virusi kutoka maabara za nchi nyingi na, mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kizio cha kaskazini na Septemba kwa ajili ya kizio cha kusini, hupendekeza virusi vitakavyotumika katika chanjo. Tanzania ilianza ufuatiliaji wa namna hii mwaka 2008 kwa kutumia vituo teule, yaani hospitali na vituo vichache vilivyochaguliwa kuangalia kwa niaba ya nchi nzima, ambavyo sampuli zake hupelekwa katika maabara ya taifa jijini Dar es Salaam.

Utaratibu wenyewe ni mkali, na ukali wake una maana ya kimaadili. Mgonjwa wa nje huingizwa katika hesabu ikiwa ana homa ya nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, iliyopimwa kwa kipimajoto, pamoja na kikohozi, vyote vikiwa vimeanza ndani ya siku 10 zilizopita. Yule anayehitaji kulazwa huhesabiwa katika kundi la maambukizi makali ya njia ya hewa, ambalo kwalo maelezo ya mgonjwa kwamba alikuwa na homa yanatosha hata kama kipimajoto hakikuionyesha. Ute huchukuliwa puani na kooni kwa kijiti chenye ncha ya nyuzi za sintetiki, kwa kuwa pamba na vijiti vya mti vinaweza kukivuruga kipimo, kisha hutumbukizwa katika kimiminika cha kuhifadhi virusi, hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na hutakiwa kufika maabara ndani ya saa 72, la sivyo ugandishwe katika nyuzi 70 chini ya sifuri. Huko hupimwa kwa njia ya kuzidisha vinasaba vya virusi, ile ambayo wataalamu huiita PCR. Kila sharti kati ya haya ni mpaka uliowekewa ulimi wa shahidi: linamlazimisha kusema ni nani aliyeonekana, lini, kwa kipimo gani na kwa dalili zipi, na linamzuia kuita influenza kila homa inayopita mlangoni.

Jambo ambalo vitabu vya mwongozo hulipitia kwa sentensi moja, na ambalo mwanafalsafa hana budi kulikalia, ni kwamba kwa kawaida sampuli hiyo haimfai aliyeitoa. Dawa za kupambana na virusi vya influenza hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze, ndiyo maana mganga anayemtibu mgonjwa mahututi hushauriwa asingoje majibu. Na majibu ya sampuli ya ufuatiliaji, ambayo lazima isafiri mamia ya kilomita, humkuta mgonjwa amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa. Vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa, lakini vipimo vya aina hiyo vinavyotafuta protini za virusi hukosa wagonjwa wengi, hivyo jibu lake la hapana halitoshi kumwondolea mtu ugonjwa alio nao. Basi mtoto anayeshikwa kichwa ili kijiti kiingie puani mwake anaumizwa kidogo kwa ajili ya maarifa yatakayomlinda mtu mwingine, pengine katika nchi asiyoisikia, kwa njia ya chanjo ambayo yeye mwenyewe huenda asiipate kamwe.

Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, bali daima achukuliwe pia kuwa lengo kwa nafsi yake, na kwa kipimo hicho sampuli ya ufuatiliaji inaingia katika mashaka makubwa. Jibu la haraka, kwamba madhara ni madogo na manufaa ni makubwa, halitoshi, kwa sababu Kant hakuuliza juu ya ukubwa wa madhara bali juu ya namna ya kumtazama mtu. Mafundisho ya kijamii ya Kanisa Katoliki, ambalo mizizi yake Ufipa ni mirefu, yanafungua njia iliyo bora zaidi: Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1987 kuhusu maendeleo ya jamii, aliueleza mshikamano kuwa si hisia za huruma zisizo na mwelekeo, bali ni uamuzi thabiti wa kujitoa kwa ajili ya manufaa ya wote, kwa kuwa wote wanawajibika kwa wote. Kwa maana hiyo mgonjwa anayekubali kutoa sampuli hatumiwi, bali anatenda. Anakuwa mshiriki katika tendo la kuwalinda wengine. Lakini tendo ni la mtu pale tu anapojua analolitenda, na hapa ndipo unapoanza wajibu wa mganga, kwa maana mgonjwa asiyeambiwa kwamba ute wake unachukuliwa kwa ajili ya wengine hakushiriki katika mshikamano wowote, amechukuliwa kitu tu.

Maandiko Matakatifu yanajua hatari iliyomo katika kuhesabu watu. Kitabu cha pili cha Samweli, katika sura ya 24, kinasimulia jinsi Mfalme Daudi alivyoamuru watu wake wahesabiwe, na jinsi tauni ilivyofuata. Na wafasiri wengi wamelitafuta kosa lake katika kiburi cha mfalme aliyetaka kujua wingi wa wapiga vita wake. Kisichotajwa mara kwa mara ni kwamba Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 30, kilikwisha kuruhusu kuhesabu, kwa sharti kwamba kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, ili pasiwe na pigo kati yao. Mafungu hayo mawili yakisomwa pamoja huonyesha kwamba kosa halimo katika tarakimu, bali katika kuhesabu nafsi kana kwamba hazina thamani ya kulipiwa. Katika ufuatiliaji wa magonjwa mzigo huo unapaswa kugeuzwa: aliyehesabiwa amekwisha kulipa kwa mwili wake, na sasa anayehesabu ndiye mdaiwa.

Deni lenyewe linaweza kuelezwa bila maneno mengi. Mgonjwa anadai matibabu yasiyocheleweshwa wala kupunguzwa kwa sababu ya sampuli, anadai kuambiwa ukweli kuhusu inakokwenda, na anadai jibu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mfumo mzima umejengwa ili habari zipande kutoka kijijini kwenda wilayani, mkoani na taifani, na njia ya kushuka ni nyembamba. Lakini hata jibu lililochelewa lina thamani kwa mama ambaye mwanawe alikufa kwa kikohozi na ambaye, kwa kukosa jibu, anaweza kuishi miaka mingi akimshuku jirani kwa uchawi. Atakayesema kwamba jibu la namna hiyo halina faida ya kitabibu atakuwa amesema kweli, na bado atakuwa hajajibu hoja, kwa sababu anayedai ukweli kuhusu kifo cha mwanawe hadai dawa.

Swali la sifuri lina uzito zaidi. Mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa ambao nchi za Afrika zilikubaliana kuujenga mwaka 1998 una kanuni ya taarifa ya sifuri, inayosema kwamba kituo ambacho hakikuona mgonjwa wa ugonjwa unaofuatiliwa kisinyamaze, bali kiandike sifuri na kuituma. Kanuni hiyo ina hekima, kwa kuwa inatenganisha mambo mawili ambayo macho ya mbali huyachanganya: pengo na sifuri. Pengo halisemi lolote, ila sifuri ni kauli, na maana yake ni kwamba kuna mtu aliyetazama kwa makini na hakuona. Kutokana na hilo, sifuri iliyoandikwa na mtu ambaye hakutazama, au ambaye hakuwa na cha kutazamia, ni ushuhuda wa uongo hata kama ugonjwa kweli haukuwapo, maana uongo wa shahidi haupimwi kwa yaliyotokea bali kwa aliyodai kuyaona. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hilohilo huvua usiku kwa taa, na hakuna hata mmoja wao anayedhani kwamba maji yasiyofikiwa na mwanga wa taa yake hayana samaki; vituo teule ni taa chache juu ya ziwa pana, na ramani ya taifa inayoachia Wampembe weupe haijasema kwamba mafua makali hayajafika huko.

Kwamba hatari hii si ya kubuni inaonekana katika historia ya homa nchini Tanzania. Kwa miongo mingi homa ilihesabiwa kuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hapakuwa na wa kuthibitisha. Utafiti uliofanyika Moshi kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba asilimia 60.7 kati yao walitambuliwa na waganga kuwa na malaria, ilhali waliokuwa nayo kwa kweli walikuwa asilimia 1.6, na utafiti wa watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria kwa takriban mtoto mmoja tu kati ya kumi, na maambukizi ya njia ya hewa kwa zaidi ya nusu, mengi yakiwa ya virusi. Tarakimu hizo haziwezi kuhamishiwa Wampembe zilivyo, kwa kuwa joto la ziwani hulea mbu kuliko miteremko ya Kilimanjaro. Linalohamishika ni onyo: vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vinaweza kujazwa kwa nia njema mwaka baada ya mwaka, na bado vikawa vinashuhudia mazoea ya waganga badala ya magonjwa ya watu.

Mwambao huu unayo sababu yake ya pekee ya kuichukulia influenza kwa uzito. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha majeshi ya Kijerumani huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, si mbali na mpaka wa Ufipa, wakati ambapo influenza kubwa ya mwaka huo ilikuwa ikisambaa Afrika nzima. Askari na wapagazi waliteremshwa hadi Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, wakapandishwa meli kuelekea Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa Tabora kwa reli; homa iliwapata wengi wao, na njia yao ya majini ilipita mbele ya mwambao ambao Wampembe imo. Duniani kote homa hiyo inakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50. Kwa Tanganyika makadirio ni ya makumi ya maelfu, na mwanahistoria James Ellison, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu kusini magharibi mwa nchi, ameonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyoshikamana na njaa. Hakuna orodha ya majina inayoweza kuyasahihisha makadirio hayo, kwa kuwa wapagazi hawakuandikwa walipougua na wengi hawakuandikwa walipokufa.

Hilo halimaanishi kwamba hapakuwa na watu waliojua kuandika. Wamisionari wa Afrika, waliopokea kituo cha Karema, kando ya ziwa hilohilo, mwaka 1885, walifungwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, la kuandika shajara ya kila siku katika kila misheni, na shajara hizo zimewafaa sana wanahistoria, akiwemo Kathleen Smythe katika kitabu chake kuhusu familia za Wafipa. Huko Karema pia alihudumu Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akafika ziwani mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga inabeba jina lake. Atiman alianza kazi yake miongo minne kabla ya virusi vya influenza ya binadamu kutambuliwa maabara, jambo lililofanyika Uingereza mwaka 1933, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuna mganga yeyote duniani aliyekuwa na kipimo cha ugonjwa huu. Hata hivyo ushuhuda wa mtu wa namna yake, aliyemjua mgonjwa, nyumba yake na siku aliyoanza kukohoa, una kitu ambacho kipimo cha PCR peke yake hakina, na ufuatiliaji unaostahili jina hilo huhitaji vyote viwili.

Uislamu nao, ambao una wafuasi wake katika bandari za ziwa hili, unatoa mfano wa kale wa namna ushuhuda unavyogeuka kuwa tendo. Katika karne ya 7 Khalifa Umar ibn al-Khattab, akiwa njiani kwenda Shamu, alikutana na majemadari wake mahali paitwapo Sargh, wakampa habari ya tauni iliyozuka mbele. Alifanya shauri na masahaba, akaamua kurudi. Na Abu Ubayda, mmoja wa majemadari hao, alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kuingia katika nyingine. Kisha Abdur-Rahman ibn Awf akashuhudia kwamba alimsikia Mtume akiagiza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala wasitoke humo kwa kuikimbia. Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa ajili ya mjadala wa kadari, na ni haki, lakini mjadala wote usingekuwapo kama majemadari wale wangesema kwamba hawakuona kitu. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zinazozitaka nchi kulijulisha Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini tukio kama influenza ya binadamu itokanayo na kirusi cha aina mpya, zinasimama juu ya msingi uleule.

Wajibu huo ukivunjwa na wenye mamlaka, hauvunjwi kwa sababu maabara haikuwapo. Mwaka 2020, baada ya kutangaza wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, Tanzania ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kutoa tarakimu mpya, mpaka katikati ya mwaka 2021. Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kwa barua ya rais wake wa wakati huo, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye jimbo lake kuu linajumuisha Jimbo la Sumbawanga katika kanda moja ya kikanisa, liliwaonya waamini kwamba ugonjwa ulikuwapo na wajilinde. Barua hiyo haikuwa na maabara nyuma yake. Ilikuwa na mazishi na misa za wafu, yaani yale ambayo mapadre walikuwa wameyaona. Ni mfano safi wa ushuhuda unaosema kilichoonekana, bila kuzidisha na bila kukaa kimya.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii linatoka katika hali halisi ya Wampembe yenyewe. Itasemwa kwamba ni dhuluma kumbebesha dhambi ya ushuhuda wa uongo tabibu anayehudumia foleni ndefu akiwa peke yake, ambaye sampuli yake ingelazimika kupanda barabara ya Wampembe hadi Kitosi, mbovu wakati wa masika, au kungoja chombo cha majini, huku barafu ikiyeyuka katika kasha. Pingamizi hili ni la kweli, nalo halidhoofishi hoja bali linaihamisha. Wanateolojia wa maadili wamefundisha siku zote kwamba mtu hafungwi na lisilowezekana, na kwamba kosa hupanda hadi kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kuliwezesha jambo hilo. Anayedai ushuhuda kutoka kwa mtu aliyemnyima namna ya kuona anashiriki katika uongo utakaotokea, na kushiriki kwake ni kukubwa kuliko kwa aliyeshika kalamu. Kipimajoto, vijiti, kasha la baridi na nauli ya msafirishaji si vitu vya anasa katika mfumo wa ufuatiliaji, ni masharti ya ukweli wake.

Waganga wa Wampembe, Kala, Kirando na vituo vyote vya mwambao wanaombwa, basi, waandike sifuri pale tu walipotazama, na pale ambapo hapakuwa na kipimo waandike wazi kwamba haikupimwa. Wanaopokea taarifa hizo Namanyere, Sumbawanga na Dodoma wanaombwa wasilihesabu neno hilo kuwa uzembe wa kituo, bali walichukue kuwa hesabu ya vifaa ambavyo wao wenyewe wanadaiwa. Na majibu ya kila sampuli iliyopanda mteremko ule yateremshwe tena, kwa mgonjwa aliyeitoa au kwa ndugu zake, hata yakiwa yamechelewa.